Hivi chembe za damu za ngamia zina nini hasa mpaka hazipasuki akinywa maji yote yale?

KiuYaElimu aliandika:
Wakuu habari za humu. Nina swali linanikera, kila nikisoma kuhusu ngamia nakutana na sentensi ileile kwamba chembe zake nyekundu za damu zina umbo la yai na ndo maana hazipasuki akinywa maji mengi kwa mpigo, basi, wanaishia hapo hakuna anayefafanua. Sasa umbo la yai linazuiaje kupasuka? Kitu kikijaa maji kupita kiasi si kinapasuka tu kiwe cha yai kiwe cha duara? Halafu kama hilo umbo ni dawa kiasi hicho mbona punda hana, mbuzi hana, na wao tunawaona jangwani hukohuko? Na la pembeni, kuna mtu kaniambia chembe za ngamia zina kiini ndani kama za kuku, ni kweli? Naomba anayejua kwa undani jamani, sio wa kunakili na kubandika.

Mzee_wa_Porojo aliandika:
Si maji anaweka kwenye nundu mkuu, damu inahusikaje hapo 😂

Bibi_Slaidi aliandika:
Mzee wa Porojo nundu ni ghala la mafuta sio tangi la maji, tuliache hilo.

KiuYaElimu nianze na kiini maana ni jepesi. Hapana. Ngamia ni mamalia, na chembe nyekundu zilizokomaa za mamalia hazina kiini, zake pia hazina. Watu wanachanganya kwa sababu ndege, mijusi, vyura na samaki wengi wana chembe za umbo la yai na zao kweli zina kiini, kwa hiyo mtu akiona umbo hilo kwenye picha anahitimisha na kiini kimo. Ukipaka damu ya ngamia kwenye slaidi ukaitia rangi ukaweka chini ya hadubini unaona vidoa virefu vya waridi, urefu kama maikromita 8 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) upana kama 4, vyembamba mno, na rangi imekolea sawasawa kote. Ule weupe wa katikati unaouona kwenye damu ya binadamu haupo, kwa sababu chembe ya binadamu imebonyea katikati huku na huku na hii haijabonyea.

Sasa kuhusu kupasuka, hii inapimwa kabisa na kipimo chenyewe hakihitaji mitambo ya ajabu. Unapanga tesityubu zako kwa safu, ya kwanza ina maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ambayo damu inaishi humo bila shida, zinazofuata unapunguza chumvi kidogokidogo mpaka ya mwisho ina maji matupu. Unadondosha damu kila tyubu, unaacha kama nusu saa, unazungusha kwenye mashine. Tyubu ambayo chembe ziko salama maji ya juu yanakuwa hayana rangi na chembe zimejikusanya chini, nyekundu, zimekaa. Ile ambayo zimepasuka chini hakuna kitu, tyubu nzima ni nyekundu angavu na ukiweka karatasi yenye maandishi nyuma yake unasoma. Damu ya binadamu wekundu unaanza kuonekana pale 0.5 au 0.45, ukifika 0.3 zimeisha karibu zote. Ya ngamia kwenye hiyohiyo 0.3 bado nyingi ziko chini zimetulia, inabidi ushuke zaidi ndo zianze kuachia.

Kwa lugha ya ujazo, chembe ya ngamia inaweza kuvimba ikafika asilimia 240 ya ujazo wake wa kawaida kabla ya kupasuka, wakati ya binadamu ikifika 150 hivi au zaidi kidogo imekwisha.

KiuYaElimu aliandika:
Bibi Slaidi ubarikiwe, la kiini limeisha. Lakini bado hujanijibu KWA NINI. Umenionyesha kwamba hazipasuki, nataka kujua kinachozuia. Utando wake unavutika kama mpira au?

Fundi_Seli aliandika:
Hapo ndipo karibu kila maelezo ya mtandaoni yanapopotoka, ngoja niingie.

Utando hauvutiki. Utando wa chembe yoyote ile, ya ngamia, ya binadamu, ya panya, ni tabaka mbili za mafuta na ukijaribu kuutanua eneo lake likaongezeka asilimia tatu au nne hivi unachanika. Kwa hiyo kuvimba hadi asilimia 240 hakuwezi kutokana na kuvutika, hesabu haikubali kabisa. Kinachotokea ni kwamba utando tayari ulikuwa mwingi kuliko kilichomo ndani. Kati ya maumbo yote, tufe, yaani umbo la mpira, ndilo linalobeba ujazo mkubwa zaidi kwa eneo lilelile la ngozi ya nje, kwa hiyo chembe yoyote ikiingiwa na maji inaelekea kuwa tufe, na ikishakuwa tufe kamili haina tena pa kwenda, maji yakiongezeka kidogo tu inapasuka. Swali la msingi basi ni moja, chembe ina safari ndefu kiasi gani mpaka ifike kwenye tufe.

Chukua ya binadamu, ujazo wake ni kama femtolita 90 (kipimo kidogo mno cha ujazo) na eneo la utando kama maikromita za mraba 140. Piga hesabu ya tufe lenye eneo la 140 unapata linabeba kama femtolita 155. Gawa kwa 90, ni mara 1.7 hivi, na huo ndio ukomo wake hata ufanyeje, ndo maana kwenye tyubu za Bibi Slaidi inaachia mapema. Ya ngamia ina ujazo mdogo sana, femtolita 30 na kitu hivi, lakini imetandazwa bapa kweli, utando mpana umefunika kitu chembamba, kwa hiyo ina akiba kubwa ya utando ukilinganisha na kilichomo. Ikiingiwa na maji inanenepa tu taratibu kutoka ubapa kwenda tufe na utando wenyewe haujaguswa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lilikuwa sahihi kabisa, umbo la yai peke yake halizuii kupasuka. Ubapa ndo unaofanya hiyo kazi. Yai lina kazi yake nyingine, kuna mtu atakuja kuisema au nitarudi.

Ila ubapa nao hautoshi, maana chembe inayovimba na kunywea mara kwa mara inachoka, vipande vya utando vinamegeka. Hapa ngamia ana kitu kingine: utando wake umejaa protini. Kwa binadamu uzito wa protini na wa mafuta kwenye utando unakaribiana, kwa ngamia protini ni kama mara tatu ya mafuta. Chini ya utando kuna wavu wa nyuzi za spektrini umefungwa kwenye utando kwa protini nyingine inaitwa ankirini, kila chembe nyekundu ya mamalia inao, ila wa ngamia umefungwa kwa nguvu zaidi. Uthibitisho ni huu: ukiipasua chembe ya ngamia makusudi ukaiosha himoglobini yote, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, ikatoka ukabaki na ganda tupu, lile ganda bado lina umbo la yai. Yaani umbo halishikiliwi na kilichomo ndani, linashikiliwa na ule wavu.

Mzee_wa_Porojo aliandika:
Haya nimeacha utani, naomba kuuliza kwa heshima. Kama huo utando ni mgumu namna hiyo zinapitaje kwenye vile vimishipa vidogo kabisa? Nilifundishwa chembe za damu lazima zijikunje ndo zipite.

Bibi_Slaidi aliandika:
Swali zuri hilo, na ndo kazi ya umbo la yai ambayo Fundi kaiacha.

Chembe ya binadamu ina kipenyo cha maikromita 7 na nusu na vimishipa vingine ni vyembamba kuliko hapo, kwa hiyo kweli inajikunja, inapita ikiwa imepinda halafu inajinyoosha mbele. Ya ngamia haijikunji, ni ngumu. Lakini upana wake ni maikromita 4 tu na unene wake ni mdogo zaidi, kwa hiyo ikija kwa urefu haina haja ya kujikunja, inapita. Na inakuja kwa urefu kweli, damu ikitembea chembe za jamii ya ngamia zinajielekeza zote upande mmoja kufuata mkondo, kama magogo yanavyojipanga mtoni. Za binadamu zinabingirika na kuzungusha utando wake zikiwa njiani, hizi hapana, zinateleza tu.

Faida yake unaiona ngamia akiwa amekauka. Mnyama wa kawaida akipoteza maji damu inakuwa nzito, moyo unahangaika kuisukuma, na joto la mwilini linashindwa kufika kwenye ngozi likatoke. Kwa binadamu mambo yanaharibika zaidi kwa sababu chembe zetu zina tabia ya kugandana zikapanga safu ndefu pale damu inapokwenda polepole. Za ngamia hazigandani hivyo. Ukitaka kuliona hilo simamisha damu yake kwenye tyubu ya kupima kasi ya chembe kushuka, ya binadamu baada ya saa unaona sehemu ya juu imekuwa ya njano, ya ngamia saa inaisha na mstari haujasogea wa maana. Mgeni wa maabara anaweza kudhani kipimo kimeharibika.

Pia ana chembe nyingi lakini ndogo, zikikusanywa zinachukua robo au theluthi ya damu tu, wakati kwetu ni asilimia 40 na zaidi. Himoglobini imeshindiliwa ndani kweli, gramu 40 na zaidi kwa desilita ya chembe wakati ya binadamu ni 33 hivi. Oksijeni ya kutosha inabebwa na nafasi ya majimaji inabaki.

Daktari_wa_Kwato aliandika:
Nimefuatilia, mnaenda vizuri, ila nataka kuwarudisha kidogo kwenye mnyama mwenyewe maana tyubu inaweza ikatudanganya.

Ile asilimia 240 ni ya maabara. Ndani ya ngamia aliye hai damu haichujuki kufika huko hata siku moja, angekuwa ameshakufa kwa sababu nyingine kabla, hasa ubongo. Ni kiasi cha usalama, tena kikubwa, lakini sio kitu kinachotokea kila akinywa. Na ukubwa wa hicho kinywaji upo kwenye maandishi ya mtafiti wa miili ya wanyama Knut Schmidt-Nielsen na wenzake waliokaa na ngamia Béni Abbès kule Algeria mwaka 1953 na 1954: mnyama aliyepoteza kama robo ya uzito wake anarudisha karibu yote kwa kikao kimoja, zaidi ya lita 100 kwa dakika kama kumi. Binadamu kwenye joto akipoteza asilimia 12 hivi yuko kwenye hatari ya kufa.

Kilichowashangaza zaidi wale jamaa ni maji yanatoka wapi ngamia anapokauka. Yanatoka tumboni, kwenye tishu, ndani ya seli, lakini plazma, yaani majimaji ya damu, inapungua kidogo sana. Anakauka kila mahali ila damu inaachwa itembee. Ukiunganisha hilo na alichosema Bibi Slaidi unaelewa kwa nini anaweza kusimama juani hali amekonda mbavu zinahesabika na bado moyo unafanya kazi yake.

Sasa KiuYaElimu swali lako la punda na mbuzi ndo swali bora humu ndani, na watu wanalikwepa. Punda naye anaweza kupoteza asilimia 30 ya uzito na akarudisha kwa dakika chache, na chembe zake ni za duara kama za farasi. Mbuzi weusi wa Wabedui kwenye majangwa ya Negev na Sinai wanafanya vilevile, na chembe za mbuzi ndo dhaifu kuliko za mifugo mingine yote, kwenye zile tyubu zinapasuka hata kabla ya za binadamu! Mbona hawafi? Kwa sababu mbuzi anayahifadhi kwenye tumbo kubwa la kwanza, yanakaa humo yanaingia kwenye damu kidogokidogo kwa masaa mengi, chembe hazikutani na mafuriko. Kwa hiyo tatizo moja, majibu tofauti. Yai sio tiketi ya kuingilia jangwani.

Na hatari yenyewe sio hadithi. Ndama aliyekaa na kiu muda mrefu halafu akaachiwa maji bila kikomo anaweza kukojoa mkojo mwekundu mpaka wa kahawia, hizo ni chembe zimepasuka na himoglobini imetokea kwenye figo, na mbaya zaidi anaanza kuyumba na kutetemeka kwa sababu ubongo umevimba. Ndo maana tunasema mpe kidogokidogo.

KiuYaElimu aliandika:
Aisee. Kumbe mbuzi ndo dhaifu. Basi nauliza tena, kama wengine wanaishi jangwani bila hizo chembe za yai, yeye alizipata wapi na kwa ajili ya nini?

Mchimba_Mifupa aliandika:
Hapa ndo pangu. Jibu fupi ni kwamba alikuja nazo, hakuzipatia jangwani.

Angalia ndugu zake. Llama, alpaca, vicuña na guanaco wote ni jamii moja na ngamia, wako Amerika Kusini, vicuña anaishi juu kwenye milima ya Andes kwenye baridi na hewa nyepesi, na wote wana chembe za yai. Ngamia wa nundu mbili wa jangwa la Gobi huko Asia naye anazo. Kitu ambacho ukoo mzima unacho, wa mlimani na wa mchangani, maelezo ya kawaida ni kwamba babu yao wa pamoja alikuwa nacho. Na huyo babu hakuwa wa Sahara. Jamii ya ngamia ilianzia Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, ikakaa huko muda mrefu sana, tawi moja likavukia Asia miaka milioni 6 au 7 iliyopita na jingine likashuka kusini baadaye, halafu waliobaki nyumbani wakaisha. Mwaka 2013 walitangaza mifupa ya ngamia mkubwa kutoka kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali kabisa ya Kanada, ana kama miaka milioni 3 na nusu, na enzi hizo kule kulikuwa na misitu na miezi ya giza na theluji.

Damu haiachi visukuku kwa hiyo sitajifanya najua babu wa kwanza alizihitaji kwa kazi gani. Lakini ninachokataa ni ile sentensi ya vitabuni kwamba jangwa ndilo lililomtengenezea ngamia chembe za yai. Jangwa lilimkuta anazo. Kwa llama zinafaa kwa sababu ni nyingi, ndogo, zinapita bila kukwama na himoglobini yao inashika oksijeni kwa nguvu kule juu. Kwa ngamia zikafaa kwa kiu. Kifaa kimoja kazi mbili.

Fundi_Seli aliandika:
Mchimba Mifupa nakubali kuhusu umbo ila usilifute jangwa lote. Kuna kitu kinabadilika kwa ngamia yuleyule mmoja kutegemea hali: muda wa kuishi wa chembe. Akiwa anapata maji chembe zake zinaishi siku 90 hadi 120, sawa na zetu hivi, majira ya joto akiwa amekauka zinafika kama siku 150. Kutengeneza chembe mpya kunakula maji na nguvu, kwa hiyo kuzitunza za zamani wakati wa ukame ni akiba. Hilo halielezwi na umbo la kurithi peke yake.

Mchimba_Mifupa aliandika:
Hiyo naikubali bila ubishi. Umbo karithi, matumizi ni yake.

Mzee_wa_Porojo aliandika:
La mwisho kutoka kwangu wakuu, kuna binadamu wenye chembe za yai? Maana hapo ingekuwa mtu anakunywa pipa zima.

Bibi_Slaidi aliandika:
Wapo Mzee, na wewe acha hizo mawazo za pipa.

Kuna hali ya kurithi ambayo chembe nyekundu za mtu zinakuwa ndefu za umbo la yai, na wengi wenye nayo hawana habari mpaka siku damu yao iangaliwe kwenye hadubini. Ila sababu yake ni kinyume cha ngamia. Kwa mtu mara nyingi spektrini ndiyo yenye kasoro, nyuzi hazishikani vizuri, kwa hiyo chembe ikishavutwa kupita kwenye vimishipa inashindwa kurudi duara na inabaki imerefuka. Kwa wachache zinavunjika mapema, wengu unazichuja na mtu anapungukiwa damu. Ya ngamia ni ya yai kwa sababu wavu una nguvu, ya mtu huyo ni ya yai kwa sababu wavu umelegea, na kwenye slaidi ukitazama haraka unaweza kuona zinafanana.

Hata mwenye chembe ngumu kama za ngamia asingeweza kunywa lita hizo. Binadamu akinywa maji kupita kiasi kinachomuua sio chembe za damu kupasuka, ni chumvi ya damu kushuka na ubongo kuvimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki, kama alivyosema Daktari wa Kwato kwa ndama. Ngamia anayo figo, utumbo na vyote vingine vya kwenda na hizo chembe.

Daktari_wa_Kwato aliandika:
Na pua. Mkifungua uzi wa pua ya ngamia mniite, maana usiku anaipoza hewa anayotoa na kurudisha sehemu ya maji yaliyomo kabla hayajamtoka.